Hatua Kumi na Moja

Jumamosi, 1 Februari

Nimerudi. Vumbi hadi kwenye meno. Tulikuwa sita leo, mwenzetu Pankaj akatubebea baiskeli kwa pikapu yake kutoka Kisumu mpaka Nyakach, kama kawaida. Joto la kuua mtu, na hiyo ni saa tatu asubuhi tu.

Njia iko vizuri. Kavu kabisa. Inaanzia kando ya zizi la mbuzi la Mama, inapita kwenye mkonge, halafu inadondoka ndani ya korongo. Huko chini ni jangwa. Hakuna nyasi, hakuna kivuli. Udongo mwekundu na mweupe umesimama kama vichuguu, mizizi inaning'inia hewani bila mti. Watu wa mjini hawaamini mpaka waone. Wanadhani kwetu ni ziwa na mpunga basi.

Sehemu nne, na majina tumeyatoa wenyewe. Koo, ambapo usukani unakaribia kugusa kuta pande zote mbili. Ngazi, vidato saba vya udongo mgumu. Unakaa nyuma kabisa ya kiti, na ukishika breki ya mbele umekwisha. Unga, vumbi laini linalomeza tairi. Hapo usikate kona, sali tu. Halafu Mruko, ambao niliujenga mimi mwaka jana kwa mikono yangu. Mawe arobaini, udongo juu, nikaushindilia kwa miguu. Unapaa kidogo, unatua, umemaliza.

Kikundi chetu kina njia za wanaoanza, za kati, na za wendawazimu. Hii ni ya kati. Niliichora mimi, nikaiweka kwenye ramani ya simu dunia nzima iione. Najivunia, niseme nini. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, wiki nzima nauza dawa za minyoo kwenye duka la watu, halafu Jumamosi wanaume wanafuata tairi langu.

Mama alitupikia uji wa wimbi na viazi vitamu. Alicheka na kila mtu. Jumamosi ni sikukuu yake.

Jumanne, 4 Februari

Nimetoa miiba tisa kwenye tairi la nyuma. Tisa! Tyubu imekuwa kama chujio. Magoti yanauma nikipanda ngazi za dukani. Mteja akaniuliza, dada, wewe unauza dawa na unachechemea? Nikamwambia anunue chake aende.

Jumamosi, 15 Februari

Leo alikuja mgeni, kijana wa benki, baiskeli mpya inang'aa. Nikamwambia kwenye Ngazi usiguse breki ya mbele. Akaigusa. Alipaa juu ya usukani kama gunia la mahindi. Mkono haukuvunjika, ila ile sauti yake ya benki ilivunjika kabisa. Pankaj alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi niliteremka vizuri kuliko siku zote. Tangu zizini hadi Mruko sikuweka mguu chini hata mara moja. Kuna mahali pale juu, kabla hujaingia kwenye korongo, unaachilia breki zote mbili na baiskeli inajiendesha. Kwa hizo sekunde chache simchukii mtu yeyote. Hata Baba.

Nimeandika jina lake basi. Kaburi lake liko upande wa kulia wa nyumba ya Mama, saruji na msalaba, ninalipita nikiwa kwenye gia ya tatu. Nilipoacha ndoa yangu aliniambia nirudi kwa mume wangu, hapa kwake binti aliyeolewa hana pahali pa kulala. Sikurudi kwa mume. Na kwake pia sikurudi. Miaka saba. Nilikuja kumzika, nikalala siku mbili, nikaenda zangu. Tena mwaka mzima kimya. Mama alikuwa akipiga simu, mimi nasema niko na kazi nyingi.

Kilichonirudisha ni korongo hili. Si mapenzi. Nilikuwa natafuta pahali pa kuendesha baiskeli, nikakumbuka kwamba nilizaliwa juu ya jangwa.

Jumapili, 2 Machi

Ijumaa mvua ya kwanza. Jana njia ilikuwa tamu, udongo umeshika, tairi halitelezi. Wenzangu walifurahi sana.

Lakini niliona kitu. Pale juu, kati ya zizi na korongo, alama ya tairi zetu imekuwa mfereji. Kina cha kidole. Maji yametoka barabarani, yamepita kando ya boma, yameingia ndani ya alama yetu na kuifuata moja kwa moja mpaka ukingoni. Na ukingo umemeguka. Bonge kubwa kama meza liko chini.

Nikasema ni mvua ya kwanza, ardhi inajinyoosha. Nikanywa uji. Ila sikuupenda ule mfereji.

Jumamosi, 8 Machi

Sikuendesha. Nilipima.

Nilisimama kwenye msalaba wa Baba nikatembea kuelekea korongo, hatua zangu za kawaida. Kumi na tisa. Mama anasema mwaka jana zilikuwa karibu thelathini. Anasema kwa sauti ile ile anayotumia kusema chumvi imeisha.

Mfereji sasa unaingia mguu mzima.

Niliwaambia wenzangu tuache njia hii mpaka mvua ziishe. Walikubali bila ubishi, niwape haki yao. Pankaj akasema, "Dada Akinyi, ni nyumbani kwa Mama, hiyo hata si swali." Akatoa koleo kwenye pikapu akanisaidia kujaza udongo kwenye mfereji. Tukaushindilia. Ukaonekana imara kabisa.

Nimemwachia Mama kazi. Kila jioni atembee kutoka msalabani hadi ukingoni, anipigie, aniambie ni hatua ngapi. Akacheka. Anasema katika maisha yake hajawahi kupewa kazi ya usoroveya.

Jumatano, 12 Machi

Mama kapiga. Kumi na tisa. Mvua haba. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Kumi na saba.

Udongo tulioujaza hakuna. Umekwenda wote, na mwingine umeufuata. Nilinunua magunia, nikayajaza mchanga, nikayapanga kwenye mfereji. Mgongo wangu umekatika. Saa sita nikiwa nimepiga magoti matopeni nikasikia kengele. Baiskeli nne, watu siwajui, wametoka Eldoret. Wakanisalimu vizuri sana, wakauliza kama hapa ndipo njia inapoanzia.

Nikawaambia imefungwa. Mmoja akanionyesha simu. "Lakini hapa inasema iko wazi, mama. Imeandikwa ni njia bora ya kati upande huu wote wa ziwa."

Nani aliandika? Mimi. Maneno yangu mwenyewe, na alama tatu za mshangao.

Walirudi walikotoka, lakini kwanza walifika mpaka ukingoni kupiga picha. Matope yakawafuata kwenye tairi.

Chifu naye alikuja. Alitazama. Alisema pole. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Asante sana, Chifu. Ufa wenyewe unaingia lori. Akasema ataandika barua kuomba mawe ya kufungwa kwa waya. Namwamini, ni mtu mzuri. Barua haizuii maji.

Jumapili, 16 Machi

Nimeifuta njia kwenye simu. Haikufutika. Yangu imefutika, lakini kuna watu wameinakili wakaiweka kwa majina yao. Nimehesabu sehemu saba kabla sijachoka. Mmoja ameiita Jangwa la Kisumu. Nimewaandikia wote. Wawili wamejibu. Mmoja amenitumia kidole gumba.

Nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui niandikeje. Nitaandika tu.

Kumi na sita. Nilikuwa kwenye mfereji na magunia yangu, Mama yuko sokoni. Akaja jirani, Mama Plista, yule mwenye mdomo, anayejua mbuzi wa nani kazaa nini. Akasimama mikono kiunoni akanitazama nikihangaika. Halafu akasema, "Yawa, Akinyi, kwani ile mawe ya baba yako ilienda wapi?"

Mawe gani?

"Si hiyo laini ya mawe ilikuwa hapa. Alibeba na wilbaro yeye peke yake, kiangazi mbili, mpaka mgongo ikakataa. Tulikuwa tunamcheka. Tunamwambia mzee, wewe unajengea nyoka nyumba? Anasema nafunga maji. Na kweli, hiyo miaka maji haikupita hapa. Ilikuwa inapasuka inaenda kando kwa mkonge."

Nayajua hayo mawe. Nilipoanza kuchora njia yalikuwa hapo, mstari mrefu kwenye nyasi, umefunikwa nusu. Nilijua ni nini. Nilijua kabisa! Kwetu ukiona mawe ya namna hiyo porini unajua ni gunda, boma la watu wa zamani waliohama wakaacha mahame. Kila mtoto wa huku anajua. Sikuuliza mtu. Nani anauliza habari za gunda? Mstari ulikuwa unanivunjia mwendo. Nikatoa mawe upana wa kitanda kimoja ili baiskeli ipite. Mawe arobaini. Nikayashusha korongoni nikajengea Mruko.

Baba aliyabeba miaka ile ambayo sikuwa nakuja. Ndiyo maana sikuyajua.

Mama Plista akaendelea kuongea. Alisema mambo mengi, sikusikia. Mwishowe akasema maji yakimwagika hayazoleki, akaenda zake. Hajui alichofanya.

Sikumwambia Mama. Nilikunywa chai. 

Jumatatu, 24 Machi

Dukani nimempa mtu dawa ya kikohozi badala ya ya macho. Alirudi kabla hajaitumia, ashukuriwe Mungu. Mimi ndiye niliyefanya. Mimi. Nikifumba macho naona mawe.

Jumamosi, 29 Machi

Nilishuka korongoni kuyarudisha.

Mruko umeshafukiwa nusu na udongo uliotoka juu. Nilichimba kwa mikono na mpini wa koleo lililovunjika. Nilipata mawe kumi na manne. Niliyabeba kwenye begi langu la mgongoni la baiskeli, mawili mawili, nikipanda Ngazi kwa miguu. Vidato vile vile ninavyovishuka kwa sekunde nne vilinichukua robo saa kila safari. Baba alikuwa na wilbaro. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Nikafika juu nikayapanga kwenye pengo. Nikasimama nikatazama. Pengo si upana wa kitanda tena. Mahali nilipotoa mawe hapapo. Pameanguka. Nilikuwa nafunga mlango wa nyumba ambayo haina ukuta.

Kumi na tano. Mama akaniuliza mbona nabeba mawe. Nikasema nafanya mazoezi. Akasema, "Haya," akanimiminia uji.

Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa tisa mchana nilikuwa dukani. Anga ya upande wa Nyakach ikawa nyeusi. Si kijivu, nyeusi, kuanzia milimani hadi ziwani. Kisumu hakuna tone. Jua limewaka, watu wanakula aiskrimu. Nikapiga simu ya Mama, haipatikani. Nikapiga tena. Nikapiga ya Mama Plista, haipatikani.

Nikatoka nikasimama nje ya duka natazama lile wingu. Saa nzima. Wateja wananiita, siendi. Nilitaka kulikemea lile wingu kama mbwa. Nikarudi ndani nikauza dawa za minyoo.

Saa kumi na mbili jioni simu ikashika. Mama akasema wako salama, yeye na mbuzi. Choo kimeenda. Akacheka, akasema bahati nzuri hakukuwa na mtu ndani.

Hatua ngapi? Akasema ataniambia kesho, kuna matope.

Jumamosi, 5 Aprili

Kumi na moja.

Hatua nne kwa mvua moja. Koo haliko tena. Kuta zake zimeangukiana. Ngazi ni tope moja. Magunia yangu sijaona hata moja. Mkonge umelala chini na mizizi juu. Njia yangu ya kati imekwisha. Hakuna mwendawazimu atakayeipita. Nilidhani nitalia kwa ajili yake, sikuweza.

Zizi la mbuzi tumelihamisha upande wa pili wa nyumba, mimi na Pankaj na wale wa kikundi. Walikuja wote, hata yule wa benki aliyeanguka kwenye Ngazi. Wamebeba miti. Hakuna aliyeuliza kitu. Hawajui kuhusu mawe.

Jumanne, 8 Aprili

Kumi na moja, kasema Mama.

Ijumaa, 11 Aprili

Kumi na moja. Mvua jana na juzi, lakini kumi na moja. Labda korongo limefika kwenye mwamba. Naomba Mungu iwe mwamba.

Jumamosi, 19 Aprili. Mkesha wa Pasaka

Kaka yangu Ouma amekuja kutoka Nakuru na mkewe. Tumekaa mchana kutwa mezani, chai baada ya chai, na kila mlango tunaoujaribu umefungwa.

Mama ahame? Ahamie wapi? Boma huanzishwa na mume na mke. Mjane hatoki akaanzisha boma jipya peke yake, mumewe amelala hapa. Aende kwa Ouma? Ouma ana nyumba ya kupanga, boma lake hajajenga, na hata akijenga, mama halali kwa mwanawe. Kuna wanaolala siku hizi. Mama si mmoja wao. Kaburi lihamishwe? Ouma aliposikia hivyo alisimama akatoka nje. Aje kwangu Kaloleni, huko Kisumu? Nina chumba na jiko. Mimi ningelala chini. Nilimwomba. Nilimwomba kweli, nilimshika mikono.

Akasema, "Nyara, binti yangu, nyumba isiyowashwa moto jioni ni gunda. Nikitoka leo, kesho hapa ni gunda. Watu watapita wabebe mawe."

Sikuweza kumtazama. Nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Watu wa kanisa walikuja wakaimba wakiwa wamesimama kando ya kaburi. Sauti nzuri sana. Kipande cha ukingo kilianguka wakiwa kwenye ubeti wa pili, tukasikia kabisa, wakaimba kwa nguvu zaidi.

Walipoondoka nikapima. Nane. Mama alikuwa ameniambia kumi na moja asubuhi. Hatua zake ni fupi, nadhani. Miguu yake inamuuma.

Jumapili, 20 Aprili

Ouma ameondoka asubuhi. Nikabaki na Mama. Alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa ndengu, anachambua vijiwe. Nikakaa chini sakafuni kama mtoto, nikamwambia. Yote. Mawe, pengo, Mruko, mstari niliodhani ni gunda. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Nilikuona."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Niliona unatoa la kwanza. Nikasema labda ni moja tu. Ulitoa mchana mzima, unaimba."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilipaza sauti. Aibu yangu, nilimpigia mama yangu kelele siku ya Pasaka. Kwa nini, Mama? Neno moja tu!

Alitupa kijiwe nje. Akasema, "Ilikuwa Jumamosi ya pili unakuja. Mbili mfululizo. Ningekuambia hayo ni ya baba yako, ungepanda baiskeli yako." Halafu akasema, "Maji nilijua yatakuja tu. Wewe sikuwa na hakika."

Akanipa nusu ya ndengu nichambue. Nilichambua. Sikuona kijiwe hata kimoja, macho yamejaa.

Ningeondoka, ndiyo. Ananijua. Ningesikia jina la Baba tu ningeondoka, na nisingerudi.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku tano sijaandika. Hasira imekuja, imeenda. Kwanza juu yake, halafu juu ya Baba kwa kutoniambia alichokuwa anajenga, kana kwamba nilimpa nafasi. Sasa ni juu yangu tu, na hiyo nimeizoea.

Mama kapiga. Kumi na moja.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua ya mawe huko kwao, kasema Mama Plista. Mama kasema kumi na moja.

Jana Pankaj alipita dukani. Nikamweleza habari ya mawe, yeye wa kwanza baada ya Mama. Hakusema pole. Aliondoa kofia akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akasema babu yake alijenga duka juu ya kisima cha watu wengine bila kujua. Tukakaa. Mteja akaja.

Jumatatu, 5 Mei

Kumi na moja.

Haiwezekani. Najua haiwezekani. Mvua tatu wiki moja. Hatua fupi, hatua ndefu, hata mtoto anajua haiwezekani.

 Nikasema vizuri, Mama. Akasema, "Si unaona? Sasa lala."

Jumamosi, 10 Mei

Leo jua. Sikupanda pikapu. Niliendesha kutoka Kisumu asubuhi, lami mpaka Ahero, halafu barabara ya vumbi ambayo sasa ni ya matope. Mpunga umechanua kijani. Mama husema anaijua baiskeli yangu kwa mlio wa gurudumu la nyuma, akiusikia anateleka maji. Nilifika maji yamechemka.

Niliegemeza baiskeli ukutani upande wa kushoto. Upande wa kulia hapaegemezeki kitu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni na ungo wake, ameupa ukingo mgongo. Amezungusha kiti. Zamani alikaa akitazama huko. Sasa anatazama barabarani.

Nikaenda kwenye msalaba. Nikageuka, nikatembea. Moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ilikuwa hewa. Chini kabisa, mahali palipokuwa Unga, maji yametuama, mabata maji wawili wamepata kidimbwi. Kwa mbali ziwa. Nilisimama pale kidogo, nikarudi.

Mama akaniuliza bila kugeuka. "Ngapi?"

Nikasema, "Kumi na moja."

"Si nilikuambia."

"Uliniambia, Mama."

Akasogea kidogo nipate pa kukaa. Nilinawa mikono, nikachukua ndengu. Uji ulikuwa na ndimu leo. Nitalala hapa hadi kesho.